Programu ya Watoto

Programu ya kwanza ya kunasa mchezo wa kompyuta ilirekodi picha bila sauti. Wachezaji walikimbia, mpira ukaingia wavuni, na uwanja mzima ukanyamaza kama watu waliofiwa. Ya pili ilirekodi sauti, lakini ikabandika jina lake katikati ya uwanja kwa herufi nyekundu, eti lipa kwanza ndipo litoke. Ya tatu ilikuwa nzito. Mashini, yaani kompyuta yenyewe, ikachoka, na Wivine, ambaye hakuwa amefungwa tangu Pasaka, akafungwa mabao manne. Aliiweka maneti, kile kidude cha kuchezea, mezani taratibu. Angeitupa ingevunjika, na nyumbani kwao, mtaa wa Majengo, maneti ilikuwa moja tu.

Usimcheke msichana kwa kukasirikia programu. Kulikuwa na shindano. Watu fulani walikuwa wanatafuta vijana watano wa Goma waunde timu ya kabumbu ya kwenye kompyuta, wafundishwe miezi sita, kila mmoja apewe mashini yake. Masharti yalikuwa machache: utume mechi moja nzima isiyokatwa, sauti ya mchezo isikike, na mchezaji mwenyewe asikike akieleza anachofanya. Kila mashini iandikishe jina moja tu. Mwisho ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Wivine alikuwa na miaka kumi na tisa, shule ameimaliza, na tangu aimalize hakuna aliyemwuliza anataka nini. Hiki alikitaka kweli.

Aliyemwandikisha ni kaka yake mkubwa, Léopold, kwa kuwa ndiye mwenye simu ya intaneti.

"Weye cheza tu," alimwambia. "Mambo ya fomu uniachie."

Naye, kwa ule upumbavu wa kumpenda kaka yake, akamwachia.

Alhamisi wakabeba mashini hadi kwa Ntirenganya, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Ntirenganya akasikiliza kisa cha programu tatu, akacheka, akatoa flashi.

"Niko na mbili," alisema. "Hii ni ya bure, nyepesi, lakini inachanganya sauti zote pamoja. Ya watoto. Hii ingine ndiyo ya mafundi. Sauti ya mchezo inapita njia yake, ya mikro, ile unayosemea, inapita njia yake..."

"Tia hiyo ya mafundi," Léopold akamkatiza.

Huyu ni mtu anayechukua nusu saa kuchagua soksi. Wivine aliona, akapuuza, akashukuru kuwa angalau mtu ameamua.

Ijumaa mikro ikaanza kukoroma, akarudi kutafuta waya mwingine. Ntirenganya alimpokea kwa furaha.

"Umupe yaya yako Léopold pongezi. Nimeona jina lake kwenye orodha."

Akamwonyesha kwenye simu. Orodha ya walioandikishwa, na katikati yake: Mbarushimana Léopold, Majengo. Wivine akaisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Nishimwe Wivine hakuwemo.

"Jina linaweza kubadilishwa?" aliuliza.

"Mpaka kesho saa kumi na mbili. Lakini wa kubadilisha ni yule aliyeandikisha, kwa simu yake. Kuna nini?"

Wivine alikuwa tayari barabarani. Hata waya aliusahau pale.

Alimkuta Léopold uani akipiga viatu rangi. Mama yao, Nyirakamana, alikuwa pembeni akichambua maharage yaliyoshuka asubuhi kutoka mji wa Kiwanja.

"Jina langu liko wapi?" Wivine aliuliza.

"Jina gani?"

"Usiniulize jina gani, Léopold."

Siku zote alimwita yaya, kaka mkubwa. Kusikia jina lake likiwa tupu vile, Léopold aliinua kichwa.

"Ni jina la nyumba tu," alisema. "Mimi na weye si tuko kitu kimoja?"

Jina la nyumba! Uongo ukikosa miguu huazima magongo. Kwao kila mtoto hupewa jina lake peke yake siku ya kuzaliwa: mmoja Mbarushimana, mwingine Nishimwe, na hakuna anayevaa la mwenzake. Jina la Léopold lilikuwa la Léopold, basi.

"Na siku watakukalisha mbele ya mashini ucheze?"

"Nikisha kuingia nitajifunza. Mambo itapangika."

"Wanataka kumusikia mwenye kucheza."

Hapo Léopold akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchoma Wivine kuliko wizi wenyewe.

"Sema unavyotaka. Sauti yako si iko njia yake? Nitaitoa, nitatia ya kwangu. Klik mbili."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wivine akamgeukia mama yake.

"Mama, umesikia?"

Mama alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Léopold ndiye mukubwa. Mutoto mwanaume akipata, nyumba imepata. Weye kesho utaolewa. Damu ni nzito kuliko maji, mwanangu."

"Damu ya nani, mama? Maana inayonyonywa ni ya kwangu."

Akaingia ndani, akalia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, mtu asichanganye. Alimchukia Léopold, akamchukia na yule aliyegundua klik. Akaapa hatacheza. Halafu akafikiri: asipocheza, Léopold atakuwa amekosa nini? Atanunua soksi nyingine, maisha yaendelee. Atakayebaki kuchambua maharage ni yeye.

Jumamosi asubuhi Léopold alipokwenda mazoezi ya kwaya, kumwimbia Mungu kwa mdomo uleule, Wivine aliifunga mashini kwenye kitenge akaenda kwa Ntirenganya.

"Uniwekee ile ya watoto."

Fundi alishangaa. "Ile inachanganya sauti. Kisha hapo hakuna mutu atazitenganisha tena."

"Mutu yeyote?"

"Hata mimi. Ukisha kumimina maziwa kwenye chai, nani atayatoa?"

"Weka, papa fundi. Na ule waya wa mikro niliosahau unipe."

Saa tisa alasiri akakaa mezani, dirisha wazi kwa ajili ya joto. Léopold alikuwa nje ukutani na vijana wenzake, akiwapigia stori za timu atakayoingia. Alikuwa amempa dada yake ruhusa ya kusema apendavyo, akajiona mkarimu.

Wivine akabonyeza alama nyekundu.

"Naitwa Nishimwe Wivine," alisema kwenye mikro. "Niko Majengo, Goma. Mwenye kucheza ni mimi."

Akacheza dhidi ya mashini, kwenye kiwango cha juu kabisa. Hasira wengine huwapofusha. Yeye siku ile zilimpa macho. Alieleza kila pasi kabla haijatoka mguuni, alieleza kwa nini anamvuta beki kushoto na kwa nini anangoja. Na kila bao alilitia jina: "Bao la Wivine. La pili la Wivine." Sauti ikampanda bila yeye kujua. Mashabiki wa kwenye mchezo wakapiga kelele, yeye akapiga kelele juu yao. Matatu kwa moja.

Léopold akaingia akisugua mikono. Akafungua rekodi, akatafuta ile njia ya pili, akaikosa. Akapunguza sauti ya dada yake, na uwanja wote ukafifia. Akaipandisha, Wivine akarudi pamoja na mashabiki. Akampigia simu Ntirenganya, akasikiliza, akakata.

"Umefanya nini?"

"Nimecheza."

"Cheza tena. Bila kusema."

Wivine akaikalia mikono yake. "Sichezi tena."

"Basi nafuta."

"Futa. Ukiituma, unanituma mimi. Ukiifuta, orodha iko na jina lako na mechi hauna. Chagua."

Kidole cha Léopold kilikuwa juu ya kitufe. Wivine alikitazama, lakini kumwomba hakumwomba.

Mama akasimama mlangoni. "Hao vijana yako hapo inje wanacheka, Léopold," alisema. "Wote wamesikia dirishani nani anacheza. Sasa ukifuta, utawaambia nini?"

Hakusema kwamba binti yake ana haki. Aibu ndiyo aliyoiogopa, na Wivine alilijua hilo, likamuuma, akalimeza.

Léopold akaunganisha simu na mashini, akafungua fomu. Akafuta jina lake. Akaandika Nishimwe Wivine, akaweka Majengo, akashuka mstari unaofuata, akakwama. 

"Ulizaliwa tarehe gani?"

Miaka kumi na tisa, mlango mmoja, sahani moja. Wivine alivuta mashini upande wake, akaandika mwenyewe, akatuma.