Uzito wa Vigae

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mzee Tobias, kule Mkumbi, ulikuwa na kasoro ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeishughulikia. Chini, mpaka usawa wa kiuno, ulikuwa wa matofali mabichi ya babu. Juu yake Tobias alipandisha matofali ya kuchoma, na hayo mawili, jamani, hayapatani hata ukiyabembeleza. Pale yanapokutana palikuwa na ufa mrefu, unaoingia kidole. Nyumba yenyewe imechimbiwa mlimani, kwa hiyo udongo wa nyuma unausukuma ule ukuta mwaka mzima. Masika ndiyo usiseme.

Binti yake, Aurelia, alikuwa anamalizia chuo cha ufundi Dar es Salaam. Walipotakiwa kuandika kazi ya mwisho, wenzake walichagua madaraja na maghorofa. Yeye akachagua ufa wa kwao. Likizo nzima aligonga ukuta kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza wapi udongo bado umeshika na wapi umeachia. Kisha uani akagandisha kwa udongo tofali la kuchoma juu ya tofali bichi, akalitwika gunia la mahindi, akalifunga kamba, na upande wa pili wa kamba akaning'iniza ndoo. Baba yake ndiye aliyemimina mchanga ndooni, kopo kwa kopo, ulimi nje kwa umakini.

"Makubwa haya," alisema mama yake, Beata, akipita na kuni. "Serikali imekusomesha uje kuvuta tofali kama mbuzi? Ungenipigia hesabu ya hivi vigae vya paa vinavyonivujia kitandani."

Udongo ulikatika, ta! Lakini tofali la juu halikwenda popote. Aurelia aliruka kwa furaha. Alimweleza baba yake kwamba mshiko umekufa pale, ila matofali bado yanakwaruzana, na huo msuguano peke yake unatosha kuyazuia. Tobias alitikisa kichwa kwa fahari, mwanamume aliyeishia darasa la nne.

Aliporudi chuoni alijaza madaftari mawili. Katika hesabu zake, kila masika aliupunguzia ukuta mshiko kidogo, mpaka akaumaliza wote kwenye karatasi, na bado ukuta ulisimama. Akaandika nyumbani: "Baba, usihangaike kuubomoa. Nimeupigia hesabu. Utasimama." Basi, hayo tu. Kwamba utasimama kwa sababu paa la vigae vya misheni linaukandamiza kwa uzito wake, hilo aliliandika kwa Kiingereza, ukurasa wa thelathini na moja, kwa ajili ya walimu ambao Mkumbi hawataikanyaga maisha yao. Mtu anayelala nyuma ya ukuta hakuambiwa. Elimu gani hiyo!

Mwaka huo ndio wanunuzi binafsi walipoanza kupanda Mbinga kugombea kahawa, na bei ikachangamka kuliko enzi za chama cha ushirika peke yake. Tobias alikuwa amepanga mavuno hayo yajenge ukuta upya. Barua ilipofika, alimsomea mkewe mstari ule mara mbili, akaikunja, akaenda mjini kununua mabati.

Telegramu ilimkuta Aurelia wiki tatu kabla ya mahafali. Mama amefariki, njoo. Alisafiri siku mbili, na aliposhuka Kitai mjomba wake, Cuthbert, alikuwa anamngoja.

"Tumeshamzika, mwanangu. Tusingeweza kukungoja." Mjomba alimpokea begi. "Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Ukuta wa nyuma ukamwangukia amelala. Na wiki iliyopita tu alikuwa anaimba chini ya bati lake jipya, anasema sasa ndoo zote zimepata likizo."

"Bati lipi, mjomba?"

"Hukuambiwa? Baba yako aliteremsha vigae vyote. Alitaka ukija na cheti chako ukute nyumba inang'aa."

Aurelia aliketi palepale kando ya barabara, juu ya changarawe, na watu wakadhani ni msiba wa kawaida. Haukuwa wa kawaida. Alikuwa ameuona ukuta ukiteleza kichwani mwake, waziwazi, kama alivyouchora.

Njia nzima aliamua kunyamaza. Baba asijue. Mvua imeua, watu wote wanasema mvua, na iwe mvua. Mzee atakufa kwa uchungu akijua zawadi yake ndiyo iliyofanya kazi ile.

Alimkuta ameketi kwenye mkeka, hajanyoa, macho mekundu. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Tobias akawaomba wazee waliokuwa naye wawapishe kidogo. "Mwanangu, nakuuliza wewe kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kumuuliza. Ukuta umeangushwa na nini?"

"Mvua, baba."

"Miaka mitatu Dar es Salaam, unarudi kuniambia mvua?"

Aurelia alishindwa. Machozi yalimbubujika, na maneno yakatoka nayo. Alisema vigae ndivyo vilivyokuwa vinaushikilia ukuta, bila uzito ule usingeweza kukaa. Alisema yeye alilijua hilo tangu likizo, akaliandikia walimu, akaona baba hana haja nalo. "Ni mimi, baba. Ningekuandikia mstari mmoja zaidi, mama angekuwa hai."

Alingoja kofi, au kulaaniwa, au kuambiwa aondoke. Tobias aliinamisha kichwa.

"Tangu tumzike nasema ni mimi peke yangu niliyemuua mke wangu, niliyenunua bati nikauacha ukuta," alisema. Akamshika mkono, akaubana mpaka ukauma. "Sogea hapa. Kaa na mimi."