Aliyekaa Asiinuke

Daktari alisema wiki moja, pengine mbili, na Cyril Hudak alimwamini kwa sababu alitaka kumwamini. Baba yake, Mzee Metod, alikuwa amelazwa ghorofa ya tatu katika hospitali ya masista, mapafu yameliwa na vumbi la makaa ya mawe aliyoyachimba miaka arobaini katika machimbo ya Pennsylvania. Kila pumzi aliivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani.

"Leo Wahunzi wako nyumbani," mzee alisema. Wahunzi ndiyo timu ya besiboli ya mtaa wetu.

"Najua, Baba. Lakini leo nitakaa hapa na wewe."

"Ukae ufanye nini? Unihesabie pumzi?" Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Nenda bwana. Kiti kisikae bure. Na uniletee kadi ya mchezo, uandike kila pigo vizuri, siyo zile kucha zako za kuku."

"Baba, mwache mwenzio akae," alisema Milka, dada yake Cyril, aliyekuwa akikunja taulo miguuni pa kitanda.

"Wewe nyamaza. Mechi inaanza saa nane."

Basi Cyril akaenda. Naomba hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu wa mtaani walisema mengi: alitumwa.

Uwanja wa Kessler umejengwa katikati ya nyumba za watu tangu 1911, na mpaka mwaka ule wa 1968 bado watu waligombana baani kuhusu nani alimfuata mwenzake, uwanja au nyumba. Mipira inatua kwenye kamba za nguo. Wanaume wa mtaa wetu hurithi viti kama watu wengine wanavyorithi mashamba, na Mzee Metod alikuwa na viwili, safu ya sita, nyuma ya kituo cha tatu. Kimoja chake, kingine cha mwanawe. Hapo ndipo baba na mwana walipokuwa wakizungumza maisha yao yote, nao hawakuzungumza lolote ila mchezo. Cyril alipooa, mzee alimwambia mrushaji mpya ana mkono mzuri wa kushoto. Mkewe alipomwacha, mzee alimsogezea karanga. Cyril alikuwa na miaka arobaini na mmoja na hajawahi kusikia kutoka kinywani mwa baba yake neno moja linalomhusu yeye mwenyewe, isipokuwa lile la utani.

Utani wenyewe ulikuwa hivi. Kila timu ina zamu tisa za kupiga. Mara moja moja sana, mrushaji humaliza zamu zote tisa bila mpigaji hata mmoja wa wageni kupata pigo safi, yaani kuupiga mpira akafika kituo cha kwanza kabla mpira haujafika. Mtu anaweza kuzeeka kiwanjani asilione jambo hilo. Mwaka 1927 lilikaribia kutokea pale Kessler, zamu ya sita, ndipo jirani akapiga kelele kutoka barabarani kwamba mke wa Hudak ameshikwa na uchungu. Metod akainuka kwenda nyumbani. Hata hajafika kwenye ngazi, mpira ukapigwa, ukatua penye nyasi. Pigo safi. Mtaa mzima ukasema Hudak ndiye aliyeharibu, kwa sababu kwetu sheria inajulikana: mrushaji akiwa katika hali hiyo, jambo halitajwi, na aliyekaa asiinuke. Kama umekunja mguu, mguu ubaki umekunjwa. Walimtania miaka arobaini, naye akicheka pamoja nao, kisha anamwonyesha Cyril kwa kidole gumba: "Huyu hapa ndiye aliyeniponza."

Cyril naye alikuwa akicheka. Lakini neno likirudiwa miaka arobaini, hata kama la mzaha, hupata makao.

Jumapili ile alikaa kwenye kiti chake, kiti cha baba kitupu kando yake, penseli mkononi. Kulia kwake alikuwepo Bwana Feeney, fundi bomba mstaafu mwenye mdomo usio na breki. Mbele yao alikaa Mama Ottilie Kranz, mjane, anayefuma soksi kuanzia zamu ya kwanza mpaka ya mwisho bila kuzitazama.

"Mzee anaendeleaje?" Feeney aliuliza.

"Asubuhi amemtukana muuguzi."

"Basi hajambo."

Mrushaji wa Wahunzi siku ile alikuwa Lonnie Tibbets, kijana mrefu kutoka Georgia, masikio makubwa, ambaye siku nyingine zote alirusha mipira kama anayefukuza kuku. Siku ile alishukiwa na kitu. Wapigaji wa Erie walikuja na magongo yao wakarudi nayo, vichwa chini. Zamu ya tatu hawajapata pigo. Zamu ya nne hawajapata. Zamu ya tano Feeney, ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani, alifunga mdomo katikati ya sentensi akautazama ubao wa matokeo. Mama Ottilie akashika soksi yake ilipofikia, asifume wala asiiweke chini.

Cyril akaelewa. Aliandika kwa mwandiko bora kuliko wote aliowahi kuandika, kila mpigaji, kila mpira, na kila alipoandika alimwona mzee anaishika kadi ile kitandani, anaifuata kwa kidole mpaka mstari wa mwisho. Alichokipoteza siku Cyril anazaliwa, Cyril mwenyewe angemletea. Na pengine baada ya hapo lingetoka neno. Hakujua neno gani. Alijua tu kwamba amelisubiri tangu utotoni na kwamba muda umekwisha.

Zamu ya saba imeanza tu, akasikia jina lake.

"Kaka."

Milka alikuwa amesimama kwenye njia kati ya viti, jasho linamtiririka, bado amevaa kandambili za hospitalini.

"Dada," Feeney alisema bila kugeuza shingo, "kaa chini au ganda hapo hapo, lakini usitembetembee."

"Baba amebadilika, Cyril. Sista kaniambia niite watu wake. Anakuulizia."

Mkono wa Cyril ukabaki juu ya kadi. "Daktari amesema wiki mbili."

"Daktari yuko kwake anakula kuku wa Jumapili! Mimi ndiye niliyekuwa naye. Inuka twende."

"Zimebaki zamu tatu tu, Milka. Nusu saa. Dakika arobaini."

"Zimebaki za nini?"

"Usimjibu!" Mama Ottilie akafoka, na safu tatu zikageuka kumtazama Milka kwa macho makali.

"Nyie mna wazimu?" Sauti ya Milka ilipanda. "Mtu anakufa pale! Siku uliyozaliwa wewe yeye aliinuka kwenye kiti hicho hicho, hakungoja zamu iishe!"

"Na tuliona yaliyotokea," Feeney akasema.

Mtu nyuma yao akacheka kidogo. Cyril hakucheka. Alimvuta dada yake mkono karibu, akanong'ona kwa haraka, kama anayembembeleza mtoto. "Anasikiliza redioni. Anajua niko hapa, anajua kinachoendelea. Nikiinuka sasa kikaharibika, atakufa akinilaumu mara ya pili. Mwambie nakuja. Mwambie namletea kadi nzima."

Milka alifungua mdomo. Chini uwanjani Tibbets alirusha, mpigaji akakosa mara ya tatu, na watu elfu nne wakanguruma, kila mmoja amekaa vile vile alivyokaa. Cyril aligeuza macho kutazama, mara moja tu, kisha akaandika. Aliporudisha uso, dada yake alikuwa anashuka ngazi, mkoba kwapani, wala hakugeuka nyuma.

Miguu ilitaka kumfuata. Nasema kweli, alikwisha kuinua makalio kwenye kiti. Feeney akaweka kiganja kizito juu ya goti lake.

"Kaa, mwanangu. Mzee mwenyewe angekwambia ukae."

Cyril akakaa. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia hivyo, akampata.

Kilichofuata kilikuwa adhabu. Wahunzi, waliokuwa hawapigi kitu tangu Juni, waliingia kupiga mwishoni mwa zamu ya saba wakaanza kupiga kama wamerogwa. Mtu akafika kituo cha kwanza, mwingine akafika, wa tatu akawarudisha wote nyumbani, kituo cha mwisho, pa kupatia alama. Erie wakabadilisha mrushaji, na huyo mpya akaja akitembea kama bibi harusi. Zamu ya nane ikawa yale yale. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Cyril aliwaombea Wahunzi wakose. Alimwomba Mungu, kimoyomoyo, penseli imelowa jasho: wakose, wakose, wakose tumalize. Wakapiga tena. Mama Ottilie alitabasamu. Juu ya ukuta wa kulia saa ya uwanja ilisonga, dakika ishirini, dakika thelathini, na Cyril akajiambia kwamba Milka tangu utoto ana hofu ya kupita kiasi, kwamba sista naye ni msichana mdogo, hajui kifo kilivyo. Alijiambia mengi. Hakuna hata moja lililomtuliza, lakini hakuinuka.

Zamu ya tisa. Wa kwanza akapiga mpira juu angani, ukadakwa. Wa pili akakosa. Amebaki mmoja. Uwanja mzima ulikuwa kimya kama maji mtungini, ukisikia tu mbwa anabweka nyuma ya nyumba za Mtaa wa Kumi.

Mpigaji wa mwisho alikuwa mfupi mmoja wa akiba, jina lake hata mtangazaji alilikosea. Aliufikia mpira kwa shingo ya gongo, pigo bovu, pigo la aibu. Mpira ukaviringika kwenye nyasi kuelekea kituo cha tatu, polepole, mbele kabisa ya macho ya Cyril. Mchezaji wa Wahunzi akaukimbilia, akauokota kwa mkono mtupu, akarusha. Yule mfupi alikuwa amekwisha kanyaga kituo cha kwanza.

Ubaoni, penye mapigo safi ya Erie, ikapandishwa namba moja.

Hakuna aliyepiga kelele. Lilisikika guno tu, la watu elfu nne walioibiwa.

"Nani ameinuka?" Feeney aliuliza kwa sauti ya chini. Watu walikuwa wanatazamana safu kwa safu. Halafu akageuka. "Ni yule dada yako. Alikuja kutupigia kelele hapa, akataja kifo."

Na Cyril akakubali. Kwa muda wa pumzi mbili tatu alikubali kabisa, akamchukia Milka kwa moyo wake wote, akamtamkia tusi. Ndipo akakumbuka dada yake amekwenda wapi. Aliruka magoti ya Feeney, akakanyaga soksi ya Mama Ottilie, akakimbia. Nyuma yake mchezo haujaisha. Kadi hakujua aliiangusha wapi, na hakuna aliyemwona akiitafuta.

Kutoka Kessler mpaka hospitali ni mitaa mitano. Watu walikuwa barazani na redio zao. "Vipi Hudak, mbona mapema?" mmoja aliita, na mwingine akasema, "Mwache, nani asingelia leo?" Walidhani analilia mchezo.

Alipanda ngazi tatu tatu. Milka alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma karibu na kitanda, mikono mapajani. Shuka ilikuwa imenyooshwa mpaka kidevuni mwa mzee, na taya lake limefungwa kwa kitambaa cheupe, kazi ya masista, safi na ya haraka.

"Saa ngapi?" Cyril aliuliza.

"Kumi kasorobo."

Alipiga hesabu bila kutaka. Zamu ya nane, wakati Wahunzi wanapiga, wakati yeye anaomba wakose.

Alitaka kuugusa mkono wa mzee akaogopa. Akasimama hapo, kifua kinapanda na kushuka, na swali lililomtoka ndilo hilo, Mungu amsamehe: "Alisikia mpaka wapi? Redioni. Alijua ilivyokuwa?"

Milka aliinua macho. Hasira ilikwisha kumwisha, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Hakusikiliza," alisema. "Zamu ya kwanza haijaisha, akaniambia nizime. Nilitaka kukwambia kule, nikaona unatazama uwanjani."

"Uzime? Baba?"

"Alisema makelele yanamzuia kusikia ngazi."

"Ngazi gani?"

"Za hapa. Asikie kama unapanda." Milka akajifuta pua kwa kiganja. "Alijuta kukutuma. Kila viatu vikipita kwenye korido ananiuliza, 'Ni Cyril?' Nikimwambia siye, anasema, 'Haya, tungoje.' Niliporudi bila wewe akauliza tena, nikasema yuko njiani. Mwisho alipita mtu wa kusukuma vitanda, ana viatu vizito kama vyako. Akauliza. Nikamwambia ndiyo, Baba, ni yeye, anavua kofia tu hapo nje."



"Akageukia mlangoni," Milka alisema. "Akajaribu kuinuka akae."