Kengele ya Tangi la Changamwe

Harufu ya mafuta ya taa ilimfuata Badawi mpaka kwenye sinia la wali. Alizaliwa katika nyumba ya wauza vitambaa, iliyofukizwa udi kila Alhamisi, na sasa, Mwingereza akiwa anafunga virago, yeye ni karani kwenye bohari la mafuta Changamwe, na kila jioni hurudi kwao Mishomoroni akinuka kama kibatari. Hata hivyo, wiki ile kilichomtia kinyaa zaidi hakikuwa harufu. Ilikuwa kengele.

Kengele ilikuwa ya Bwana Meneja. Aliibuni mwenyewe, akaipenda kama mtu apendavyo mtoto wa uzeeni. Zamani, kabla ya mafuta kumiminwa, karani alishuka mteremko akachungulia tangini kwa macho yake. Sasa asishuke mtu. Ofisi ingeamuru kwa simu. Watu wa tangi wangetazama ndani, wangefunga kifuniko, kisha wangejibu kwa kengele. Mlio mmoja, heri; miwili, kuna kasoro. Ofisi ikisikia mmoja, inafungulia bomba.

Badawi alipewa kazi ya kuijaribu kwa maji kabla ya Jumatatu. Jumatatu Ngumbao angeingia tangini kukwangua kutu. Huyu Ngumbao alikuwa mpangaji wa mama yake Badawi, chumba cha uani, mtu mpole aliyemletea mama huyo madafu bila kuombwa. Kengele ikidanganya, Ngumbao atazama katika mafuta.

Alianza na vibao. Ofisini palikuwa na kibao cha kuandikia kwa chaki idadi ya watu waliomo tangini, na kibanda cha tangi kilikuwa na chake. Asubuhi watu wa kibanda walinakili kilichoandikwa ofisini, na baada ya hapo kila kibao kilikaa na dunia yake. Badawi alishuka, akaandika kibandani kwamba wamo wawili, akapanda tena akihema. Kibao cha ofisi kilisema hamna mtu. Kingejuaje? La kibandani lilibaki kibandani, na zamu ikiisha mtu alilifuta kwa kiwiko, likawa halikuwahi kuwepo. Alipomweleza Meneja, Meneja alisema vibao ni pambo tu, mlinzi ni kengele. Badawi aliuma meno. Pambo, na roho ya mtu imo ndani!

Basi akaijaribu kengele. Alijaza makumbi ya nazi kwenye gunia, akalivisha ovaroli kuukuu ya Ngumbao, akalitumbukiza tangini bila kumwambia mtu, kisha akarudi ofisini na kumwashiria karani mwenzake, Hamoud, apige simu. Wakangoja. Kengele ikalia mara moja. Hamoud akafungulia maji.

Badawi hakungoja zaidi. Aliteremka mbio, na katikati ya mteremko akakutana na Mwinyihaji, msimamizi wa kibanda, mzee wa Likoni, akipanda kwa mwendo wake wa kistaarabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Alhamdulillahi." Kisha mzee akashusha sauti. "Mna mtu mle ndani, Badawi. Ruwa, kijana wetu wa kibandani, amemuona alipochungulia. Nimemwacha akifungua kifuniko."

Badawi alimuuliza kwa nini, basi, kengele ililia mara moja.

"Kifuniko si kilifungwa vyema? Ndilo la mwisho tuliloambiwa. Na hilo la mtu, mwanangu, baya halipigiwi kengele. Mtu hujibiwa salama kwanza, kisha hufuatwa akaambiwa kwa mdomo. Hata msiba hupelekwa hivyo."

Ndivyo hasa, na Badawi alilijua hilo tangu utotoni. Baba yake alipofariki, aliyeleta habari aliulizwa habari gani, akajibu njema, ndipo akalia. Mzee hakujua kwamba mlio mmoja ulikuwa ukifungulia bomba; hakuna aliyejisumbua kumwambia. Badawi naye hakumwambia. Alitaka mwenye kengele asikie kwanza.

Meneja alisikiliza huku akisafisha kiko chake. Kengele imelia mlio mmoja, alisema, kifuniko kimefungwa, jaribio limefaulu. Kilichozama ni gunia. Badawi alitamani kutema mate juu ya zulia lake.

Hakutema. Alimwomba kwa unyenyekevu aje alione tangi kabla ya kutia saini hati ya jaribio. Meneja, aliyependa kuonyeshwa vitu vyake, alikubali. Badawi alikuwa ameshapatana na Hamoud: ngoja kidogo, uamuru kama kawaida, bomba lifunguliwe nusu, na maji yafungwe kabla hayajafika mapajani. Walipopita kibandani Badawi akaandika wazi kwenye kibao: wamo wawili. Kule ofisini, kibao cha Hamoud kilisema hamna mtu.

Ndani ya tangi mlinuka kutu na mafuta yaliyochacha. Maji ya kwanza yalikuwa yameshatolewa, lakini gunia lilikuwa bado limelala pale chini, limevimba, ovaroli imelibana. Juu, uso wa Ruwa ukachungulia, ukashtuka, ukatoweka. Punde mtu mwingine, asiyeagizwa lolote ila kufunga, akafunga. Giza likaingia. Kwa mbali kengele ikalia mlio mmoja.

Bomba likakohoa, maji yakaja. Meneja alisema kwa Kiingereza maneno ambayo Badawi hakuwahi kuyaona kwenye barua za ofisi. Maji yakafika kwenye vifundo, yakapanda. Meneja aligonga ukuta wa chuma kwa viganja, akipiga kelele kwamba mtu apige mara mbili, apige mara mbili. Badawi alimsikiliza kwa karaha, wala hakumwonea huruma.

Kisha makubazi yakasikika juu ya tangi, taratibu, na kifuniko kikabishwa.

"Hodi," alisema Mwinyihaji. Alikuwa mtu wa kungoja kukaribishwa. "Namtafuta Bwana Meneja, nina neno la kumwambia. Salama humo ndani?"

"Salama, mzee," Badawi akajibu.

Lilimtoka lenyewe, maji yakiwa magotini. Gizani alihisi Meneja amegeuka kumtazama.

"Ila," akaongeza, "tunazama."

"Ah. Ndilo hilo nililokuja kulisema."

Kifuniko kilifunguliwa. Meneja alitoka akichuruzika, na bila kumtazama mtu usoni akaamuru kengele ing'olewe, na bomba lisifunguliwe mpaka karani ashuke achungulie kwa macho yake. Jumatatu Ngumbao angekwangua kutu yake na kurudi nyumbani. Badawi alikuwa amepata alilolitaka.

Aliketi kwenye mteremko akikamua suruali. Alitema mate, ladha ya kutu haikutoka. Hamoud alishuka mbio, akamuuliza habari za huko ndani. Badawi akafumbua mdomo, akalihisi neno lile lile la salama limekaa tayari kwenye ulimi, akaufumba.