Kuni za Mama Drocella

Ningefunga mdomo wangu siku ile, mama mkwe wangu, Mama Drocella, angehamia chumba chake cha matofali na habari ingeishia hapo. Lakini mimi ni fundi, na fundi akiulizwa swali la kazi mbele ya watu, mdomo unamwasha.

Ilikuwa mwaka 1953, hapa Karuba. Mvua ilimkamata Bwana Administrateur, mzungu aliyetawala wilaya yetu, barabarani, akakimbilia nyumba iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa ya Mama Drocella. Nyumba ya duara, majani matupu kuanzia kileleni hadi chini, na ndani ukuta wa matete uliosukwa kwa michoro myeusi na myeupe. Marehemu mumewe, Kanyamibwa, aliisuka kwa mikono yake kabla mimi sijazaliwa. Nyumba nyingine za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kilimani. Watu walitaka kuta zilizonyooka na madirisha, na mimi ndiye niliyewapigia matofali. Bwana alizunguka humo ndani, kofia mkononi, kama yuko kanisani. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuamuru, kwa nini nyumba hii imesimama miaka yote hiyo.

Kapita Nzabandora, mkubwa wa kilima chetu, hakujua. Mimi nilijua.

"Moshi njo inaikamata, Bwana," nikasema. "Mwenye nyumba akiwasha moto kila siku, moshi inaingia mu majani, na badudu inaogopa. Siku moto itazimika, nyumba itaanza kuoza."

Akaandika. Kusema kweli niliona fahari, maneno yangu yakiingia kwenye daftari la mzungu.

Baada ya mwezi mmoja kibao kilipigiliwa mlangoni, chenye maandishi ya Kifaransa, na Kapita akatusomea barua. Nyumba hii ni ukumbusho wa kale. Isiguswe, isitobolewe dirisha, isiezekwe mabati. Mwenye nyumba akae humo na moto wake usizimike. Na kwa kuwa kilima chetu ndicho kimepewa kuitunza, wanaume wake wote wameondolewa kazi ya barabara ya Sake. Hapo wanawake walipiga vigelegele. Asiyeijua kazi ile awaulize waliovunja mawe ya volkano kwa nyundo huku wamesimamiwa na fimbo; mdogo wangu Callixte alirudi kutoka huko na jicho moja. Jumapili ile tuliimba kanisani mpaka padri akatushangaa.

Mama Drocella peke yake hakuimba. Alikuwa anakohoa.

Sasa, kulikuwa na ahadi kati yangu na yeye. Udongo wangu wa matofali niliuchimba shambani kwake. Siku alipokubali shamba lake la maharagwe ligeuke shimo, alinipa sharti moja mbele ya binti yake Verdiane, mke wangu.

"Tofali ya kwanza iko ya chumba yangu," alisema. "Nimezeekea mu moshi. Ninataka kufia fasi yenye hewa."

Nikakubali. Na nilikijenga kweli, nyuma ya nyumba yangu: madirisha mawili, mlango wa mbao, mabati mapya. Kilikuwa tayari siku mbili kabla kibao hakijaja.

Muuguzi wa dispensari, Hilaire, alikuja akamsikiliza kifua, akatoka nje akipangusa macho. "Mumuondoe mule," aliniambia. "Ile moshi ikiendelea, hatamaliza mwaka."

Nikaenda kwa Kapita. Nikamwuliza kama mtu mwingine angeweza kuuwasha moto ule, hata mimi mwenyewe.

"Barua inasema mwenye nyumba," akajibu, akimenya ndizi. "Umuondoe tu, Faustin. Mimi sikukatazi. Ila kesho yake nitaandika majina ya barabara. Ya kwanza iko ya kwako, ya pili iko ya Callixte, na ile jicho yake moja."

Nimeyafikiria maneno yale miaka yote hii. Hakunikataza. Hakuna aliyenikataza. Majirani nao walikuwa wema ajabu: walianza kumpelekea Mama Drocella kuni, kila asubuhi mzigo mlangoni, na salamu nzuri, na maziwa. Kuni zenyewe zilikuwa mbichi, kwa sababu kuni mbichi zinatoa moshi mzito na nyumba inaupenda. Mimi ndiye niliyewafundisha hilo.

Kutoka mlangoni kwake alikiona chumba. Siku moja akaniita.

"Mukwe wangu, chumba yangu imefika wapi?"

"Bado, Mama. Matofali haiyakauka."

"Ninaona manjanja inang'aa kule juu," akasema, akiyaonyesha mabati kwa kidole.

"Manjanja iko, Mama. Lakini matofali ya chini ingali mbichi."

Aliniangalia kwa macho yake mekundu. Mwanamke aliyetoa udongo wake mwenyewe, aliyeliona tanuru langu likiwaka siku sita, namwambia tofali lililotoka humo ni bichi. Hakunibishia. "Basi nitangoja," alisema tu. Nikaenda zangu, nikamwaga maharagwe mle chumbani yakauke, ili nisikione kikiwa kitupu.

Baada ya Pasaka ya mwaka 1954 tuliambiwa kwamba wageni wakubwa wa Bukavu wangefika Jumamosi kuitazama nyumba. Jumanne ya wiki ile ile, sisi tukiwa shambani, Mama Drocella aliondoka. Alitambaa. Alama za magoti zilikuwa kwenye tope kutoka mlango wake hadi wangu, hatua mia mbili. Tulimkuta mle chumbani, ameketi juu ya maharagwe, mgongo ukutani, dirisha wazi, akipumua. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kupumua namna ile.

Alipapasa ukuta kwa kiganja, akaniangalia. "Imekauka," akasema.

Kilima kizima kilifika. Hakuna aliyepaza sauti. Emérita, jirani yetu, alimfunika shuka. "Mama, moto yako inazimika kule," alimwambia kwa upole, kana kwamba sufuria ilikuwa inaungua. Wanaume wakaleta machela, wakamlaza. Verdiane akasimama mlangoni akashika miimo yote miwili.

"Hamumupitishi hapa," akasema. "Faustin, uwaambie."

Mimi nilikuwa nimeshika machela upande wa mbele. Niliiweka chini. Nikambandua mke wangu vidole, kimoja kimoja, mkono wa kushoto kwanza na wa kulia baadaye, nikamsukuma kando. Halafu nikaishika machela tena. Tulimrudisha tukimwimbia Bikira Maria, maana ndivyo tunavyowabeba wagonjwa kwetu.

Alikufa Alhamisi, jua likiwa juu. Kwetu mwenye nyumba akifa, moto wake unazimwa, majivu yanatupwa nje, na watu wanalia. Kapita alisimama mbele ya mafiga akakataza yote matatu mpaka wageni wapite. Tulimlaza nyuma ya ukuta wa matete. Verdiane akavalishwa kitenge cha mama yake, kikavutwa hadi usoni, akaketishwa kando ya moto. Nadhani alikubali kwa sababu hakutaka kumwacha mama yake peke yake na watu kama sisi.

Jumamosi yalikuja magari matatu. Wageni waliinama, wakaingia wakikohoa, wakachekeshwa na kukohoa kwao. Bwana Administrateur alikuwa amemwona mama mara moja tu, na humo ndani ni giza. Harufu? Moshi ulikuwa mzito, siku ile kuni mbichi zilitufaa. Bibi mmoja wa kizungu mwenye kamera akaona machozi ya Verdiane. Bwana akauliza mwenye nyumba ana neno gani kwa wageni.

Verdiane akajibu kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo Bwana hakuijua. Alisema polepole, neno moja moja: mama yangu yuko nyuma ya matete haya, amekufa tangu juzi, na huyu mume wangu ndiye atakayewatafsiria.

Bwana akanigeukia.

"Anasema karibuni," nikamwambia. "Machozi iko ya moshi tu."

Bibi akapiga picha. Mama Drocella tulimzika jioni ile ile, na majivu hayakutupwa nje.

Mwaka uliofuata mashine ilikuja kutoka Goma, ikasukuma mawe yote hadi Mushaki kwa wiki sita, na hakuna mwanaume wa kilima chochote aliyeitwa tena barabarani. Tulikuwa tumemuua mama wa watu kwa ajili ya msimu mmoja wa nyundo. Emérita akaomba misa ya shukrani kanisani. Nilitoka kabla ya sadaka.

Verdiane hakurudi nyumbani kwangu. Tangu Jumamosi ile anakaa katika nyumba ya duara, moto haujazimika, na wageni wakija Kapita anamwita Mama Drocella. Kibao kimepakwa rangi mpya. Mimi nimeyatoa maharagwe chumbani, nimeweka kitanda na godoro. Kila asubuhi nampelekea kuni kavu, nazichagua mwenyewe. Anazirudisha na kuomba mbichi. Mwaka huu ameanza kukohoa.

Ana swali moja tu kwangu kila siku. Analiuliza bila hasira, akiyaangalia mabati yangu kule ng'ambo ya shamba.

"Faustin, matofali imekauka?"

"Imekauka, Verdiane. Imekauka toka zamani."

"Basi nitangoja," anasema, na kuuvuta mlango.