Mabibo ya Chumba Namba Tatu

Jumatatu moja ya Oktoba, mwaka 1993, saa nne asubuhi, Muzdalifa aliingia chumba namba tatu cha gesti ya Ruksa kubadilisha mashuka, akakuta mabibo kumi na manne juu ya kitanda. Yalikuwa mekundu, yameiva, kila moja na korosho yake. Mgeni aliyelala humo, muuza mitumba aliyekuwa akienda Lindi, alikuwa ameshaondoka na basi la alfajiri, na alikuwa amekula mengine matatu akaacha makapi kwenye kisahani cha majivu ya sigara. Muzdalifa alitazama dari. Ilikuwa nzima, haina hata tundu la panya. Kilichomkera ni mashuka, kwa sababu doa la bibo halitoki hata ulifue mara kumi.

Mpaka adhuhuri vyumba vingine vinne vilikuwa vimeangusha. Namba sita hakikuangusha kitu. Muzdalifa akaenda kumwambia mwenye gesti, Mwinyimvua Mkumba, aliyekuwa barazani akinywa chai.

"Mzee, mabibo yanaanguka vyumbani. Vyumba vitano."

"Na namba sita?"

"Kikavu."

Mwinyimvua akamaliza chai yake. Hakuuliza kwa nini. Mikorosho aliyoikata ili ajenge ilikuwa mitano, na mahali pa namba sita palikuwa na choo.

Ni vizuri kumtendea haki mtu huyu, maana Kibiti nzima ilimpenda na haikukosea sana. Yeye ndiye wa kwanza kujenga gesti ya tofali na bati kando ya barabara ya Lindi, wa kwanza kuleta jenereta, na friji yake ya mafuta ya taa ilipoza soda za harusi zote, za matajiri na za masikini. Msikiti ulipoezuliwa na upepo, mabati yalitoka kwake. Basi likikwama kwenye matope ya masika, abiria walilala sebuleni kwake bure, na wenye watoto walipikiwa uji. Kwa hiyo watu walipotaka mwenyekiti wa baraza la kuamua kesi za mtaa, hawakutafuta mbali.

Kesi nyingi zilikuwa za miti. Huku, kuanzia Bungu mpaka ng'ambo ya mto, ardhi huweza kuwa ya mtu mmoja na mti ukawa wa mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Anayenunua kiwanja hununua udongo, na habari ya miti huizungumza kando na mwenyewe. Mwinyimvua aliijua sheria hiyo kuliko wote. Mara mbili alikuwa amewarudishia wajane minazi yao.

Kiwanja cha gesti alikinunua kwa ndugu wa mume wa Bi Mwanabaraka, mjane wa hapo mtaani, baada ya mume huyo kufariki. Mikorosho ilikuwa ya Bi Mwanabaraka mwenyewe. Aliipanda mwaka alioolewa, akaimwagilia kwa maji ya kichwani, na ndiyo iliyomsomeshea watoto. Siku inakatwa alikuwa Utete, hospitalini, akimuuguza dada yake. Aliporudi alikuta visiki na fundi anachanganya saruji. Akaenda kwa Mwinyimvua kuuliza.

"Siku hizi ruksa, bi mkubwa," Mwinyimvua alimwambia kwa upole. "Mtu ananunua, anajenga."

Neno hilo lilikuwa jipya na watu walilipenda. Wengine walilitumia hata walipokanyaga mguu wa mtu. Mwinyimvua akaliandika ukutani kwa rangi ya kijani, likawa jina la gesti.

Sasa, mwaka wa tatu baada ya ujenzi, mikorosho ilikuwa imeanza kuzaa tena. Bwana shamba aliitwa. Alikaa katika kila chumba kwa muda, akanusa, akahesabu yaliyoanguka, akaandika: mikorosho mitano, haionekani, afya njema. Akashauri vyumba vipigwe salfa ikifika Juni, maua yakianza, ili yasipate ukungu. Wageni nao hawakulalamika. Vyumba vitano vilikuwa na kivuli mchana kutwa, na madereva wa malori walianza kuviulizia kwa namba. Namba sita walipewa wenye mafua.

Siku ya tatu Bi Mwanabaraka alikuja na kikapu.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mikorosho yangu inazaa. Nimekuja kuokota."

"Zinaangukia chumbani, bi mkubwa. Chumba ni changu."

"Na mti?"

"Mti hauonekani."

"Ulipoonekana uliukata," alisema Bi Mwanabaraka. Alikuwa na hasira, lakini sauti hakuipandisha. Akaenda kushtaki barazani.

Baraza lilikaa Alhamisi, sebuleni mwa gesti, kwa kuwa ofisi yake haikuwa na viti. Mwinyimvua aliongoza kama kawaida. Hakuna aliyefikiri kwamba mwingine angeweza kuongoza, naye Bi Mwanabaraka hakufikiri hivyo pia. Alimjua kwa hukumu zake mbili za minazi. Mzee Abbasi, mjumbe, akakumbusha kwamba mti ni wa aliyepanda maadamu umesimama. Swali basi likawa kama mikorosho imesimama. Wote wakaingia namba mbili kutazama. Walipokuwa wakitazama, bibo likamwangukia mzee Abbasi kwenye kofia. Akaivua, akaliona doa, akaivaa tena.

"Hukumu ni hii," akasema Mwinyimvua. "Mti uliokatwa haukusimama. Kinachoanguka chumbani ni cha aliyelala chumbani humo."

Wajumbe waliona ni maneno ya busara.

Jumamosi jioni Bi Mwanabaraka aliuza kuku wawili, akaja mapokezi kuomba namba tatu, ulipokuwa mkorosho wake mkubwa. Muzdalifa alifungua daftari la wageni.

"Jina?"

"Hunijui, weye mtoto?"

"Nakujua, bibi. Daftari ndilo halikujui." Akaandika. "Unatoka wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa hapa haiandikwi. Mgeni lazima atoke mahali."

"Mie si mgeni. Hapo penye kitanda nimepanda kwa mkono huu."

Muzdalifa aliona aibu, maana bibi yule ndiye aliyemkanda mama yake alipojifungua. Lakini nafasi katika daftari ilikuwa tupu, na Mwinyimvua hakupenda nafasi tupu. Akaandika Bungu.

"Bungu nimepita mara moja," alisema Bi Mwanabaraka, "tena ndani ya lori."

Akapokea ufunguo. Akaokota korosho zote, mpaka chini ya kitanda, akazifunga kwenye kanga. Saa nne asubuhi akagongewa mlango atoke, kama wageni wote. Korosho hazikufikia bei ya chumba. Wiki iliyofuata alikuja tena, akaandikwa Bungu tena, na mpaka msimu unakwisha alikuwa amelala humo mara tisa. Kuku walimwishia, akauza bata.

Desemba Mwinyimvua alisomesha maulidi ya shukrani, akachinja ng'ombe, akasimama kushukuru. Alisema gesti inakwenda vizuri, alhamdulillahi, kila msafiri ana chumba anachokipenda. Hata mama mmoja mtu mzima wa Bungu, alisema, haupiti muda hajaja. Mgeni mzuri, hana makuu, haachi hata ganda chini. Watu wakafurahi. Upande wa wanawake, jirani yake Bi Mwanabaraka akamgeukia akamuuliza huyo mama wa Bungu ni nani.

Bi Mwanabaraka alisema hamjui.