Gari la Miraa la Saa Tatu Asubuhi

Mimi Maka nauza miraa hapa Garissa, mkabala na geti la makao ya polisi, na mdomo wangu unajulikana hadi mtaa wa Galbet. Binti yangu Deeqa alipojiunga na polisi nilimwambia simtambui. Wakubwa wakampangia kulinda geti lile lile! Basi kila asubuhi nikawa nampigia kelele kutoka mezani kwangu, "Deeqa! Toka hapo, utakufa bure!"

Siku za kwanza aligeuka, akaona haya. "Hooyo, mama yangu, niache nifanye kazi," alisema. Baadaye akaacha kugeuka kabisa. Watu walimwita Afande; mimi niliapa neno hilo halitatoka kinywani mwangu.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, pikapu ya miraa ikaja polepole. Miraa itokayo mji wa Maua hutufikia saa saba mchana, na dereva huanza kupiga honi tangu darajani, maana ikikauka hainunuliki. Huyu hakupiga honi. Magunia yake yalikuwa makavu, hayana hata jani moja la mgomba la kuzuia miraa isikauke. Akatupita sisi wauzaji wote bila kututazama, akakata kona kuelekea getini. Kizuizi kilikuwa juu.

Nilielewa: hilo halikuwa gari la miraa.

"Deeqa! Toka hapo!"

Hakugeuka. Zilikuwa kelele zile zile za kila siku, angegeukia nini? Nilimzoesha mwenyewe kutonisikia, mjinga mimi.

Nikaita kwa pumzi yote niliyokuwa nayo, "Afande! Gari hilo lina bomu! Kimbia!"

Akageuka. Akanitazama, akalitazama gari. Ukuta wa kujificha ulikuwa hatua tano tu nyuma yake. Akakishusha kizuizi, akasimama kando yake, akaanza kulifyatulia gari risasi.

Gari lililipukia pale nje. Ndani, watu arobaini waliokuwa kwenye gwaride walitoka kwa miguu yao. Deeqa tulimzika kabla ya magharibi.

Wenzangu wanataka nihamie sokoni. Sihami ng'o. Gari likija kabla ya wakati wake nasimama katikati ya barabara, wapende wasipende. Wanaonipa pole husema niliokoa watu arobaini, nami siwabishii. Lakini arobaini hao sikuwawaza hata kidogo. Nilitaka mmoja tu akimbie. Nikamwita Afande ili anisikie, na kwa kuwa nilimwita Afande, akabaki.