Mchuzi Chini ya Kitanda

"Amekula chochote tangu jana usiku?" Daktari Zegarra aliuliza kwa Kihispania, macho kwenye fomu.

Yovana, mfasiri, akamuuliza mgonjwa kwa Kikechua, lugha ya watu wa milimani.

"Sijala, mwanangu," akajibu Mama Fortunata, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa mfuko wa nyongo.

"Hajala," Yovana akafasiri.

Neno kwa neno, kama kanuni ya wafasiri wa hospitali inavyotaka: sema kilichosemwa, usiongeze, usipunguze. Yovana aliipenda kanuni hiyo. Mama yake mzazi aliwahi kusemewa "amekubali" na mfasiri mjuaji, akazinduka amefungwa kizazi.

Lakini chini ya kitanda palikuwa na sufuria iliyofungwa kwa shali, na harufu ya mchuzi wa kichwa cha kondoo ilikuwa haina aibu. Yovana ni mtu wa huko huko milimani. Kwao mchuzi wa alfajiri hauhesabiwi. Kula ni viazi. Na mgonjwa akipigwa nusukaputi tumbo limejaa, vilivyomo hupanda vikaingia mapafuni.

Mwezi uliopita aliongeza neno, Zegarra huyu huyu akamshtaki, akapewa barua ya onyo. Ya pili ingekuwa ya kufukuzwa.

Muuguzi akaanza kusukuma kitanda.

"Daktari, ngoja! Sasa nasema mimi, si mama. Niruhusu nimuulize amekunywa nini."

"Umeanza tena? Wewe ni mfasiri au daktari?"

"Mfasiri. Swali moja tu, kisha nifukuze."

Zegarra akashusha pumzi. "Haya, uliza."

Mama Fortunata akachangamka. "Mchuzi, mwanangu, mabakuli mawili. Shemeji kaniletea asubuhi hii nipate nguvu. Kwani huo ni kula?"

Yovana akafasiri yote, bila kuongeza wala kupunguza. Zegarra akaketi kitandani, uso umempauka.

"Upasuaji hadi kesho," akasema. Akachukua kalamu, akaandika kwenye fomu, chini ya swali lake: *Amekunywa nini? Hata mchuzi.* "Na ile barua yako ya onyo, Yovana, naenda kuifuta mwenyewe. Ningemuua mama wa watu."

Alipotoka, Yovana akaketi pale pale kitandani. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akacheka, machozi yakimtoka.

"Mbona unatetemeka? Njaa hiyo," akasema Mama Fortunata. "Sufuria bado ina mchuzi. Kunywa."

Kanuni ilikataza kupokea chochote kutoka kwa mgonjwa. Yovana akatazama mlango, kisha akajimiminia bakuli.

"Kwani huu ni kula?" akasema.